Mipira ya vakyumu kwenye Suzuki Sierra ya kabureta: kila kidomo kiwe na jibu

Ukifungua boneti ya Suzuki Sierra iliyokaa Pwani miaka mingi, utakuta pembeni mwa kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli, mipira myembamba myeusi iliyopitia mikono ya mafundi wengi. Mmoja umezibwa kwa skrubu, wa pili umeungwa kwa kipande cha kalamu, wa tatu unaning'inia tu, hauendi popote. Uliza huo wa tatu ni wa nini, utajibiwa, "Huo achana nao, bosi, hauna kazi."

Pengine ni kweli hauna kazi. Lakini kidomo, kile kibomba kifupi ulikochomolewa, bado kiko pale, na kama kiko wazi kinaingiza hewa ambayo kabureta haina habari nayo. Kwa gari la umri huu sishikilii kwamba kila mpira aliouweka mtengenezaji lazima urudi. Ninachoshikilia ni kwamba kila kidomo kiwe na jibu: ama mpira mzima unaokwenda mahali unapopajua, ama kifuniko kisichovuja. Kabla ya kufika hapo, kugusa skrubu za kabureta ni kujichosha bure.

Nazungumzia hasa SJ413, ile yenye injini ya G13A ya cc 1,324 iliyotoka kuanzia 1984. SJ410 ya cc 970 ina mipira michache zaidi, kwa hiyo ukiiweza hii utaiweza na ile. Wenye Pajero, Land Cruiser na magari ya dizeli nimewawekea maneno yao mwishoni.

Hakikisha kwanza kwamba ugonjwa ni vakyumu

Injini ya petroli ikivuta hewa huku kisahani cha kabureta, kile kinachofunguka ukikanyaga mafuta, kimejifunga, ndani ya manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda) hewa inakuwa haba kuliko nje. Uhaba huo ndio vakyumu, na watengenezaji wa zamani waliutumia kufanyia kazi ndogondogo bila waya: kusaidia breki, kusogeza taimingi (wakati wa kupiga cheche), kunyonya moshi wa oili, kupandisha slo AC ikiwashwa. Slo, kwa asiyeizoea lugha ya gereji, ni gari limewashwa, limesimama, na mguu hauko kwenye mafuta.

Kwenye slo kisahani kimebakisha mwanya mdogo sana, na hewa inayopita kihalali ni kidogo. Tundu la upana wa njiti ya kiberiti, wakati huo, linaleta sehemu kubwa ya hewa yote inayoingia. Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa kisahani kimefunguka, hewa ni tele, na tundu lile lile halina athari ya kuhisika. Ndiyo sababu gari lenye mpira uliopasuka hutetemeka na kutaka kuzimika kwenye foleni ya feri ya Likoni, kisha likivuka na kushika barabara ya Ukunda linakwenda kama halina neno. Ukikuta kinyume chake, slo imetulia lakini nguvu zinakwisha mlimani, anza na filta ya mafuta, pampu na plagi. Mipira iache kwanza.

Dalili nyingine: slo iko juu na haishuki hata ukilegeza skrubu yake yote, slo inapanda na kushuka yenyewe, unasikia mlio wa "sss" karibu na kabureta, plagi zinatoka nyeupe, ekzosi inapiga mshindo ukitoa mguu kwenye mafuta. Pedeli ya breki ikiwa ngumu ghafla, hiyo si dalili ya kusubiri Jumamosi. Gari lisitoke mpaka ujue kwa nini.

Jambo moja linawapoteza watu wengi hapa kwetu. Gari likinunuliwa Nairobi likashushwa Mombasa, linaweza kuonyesha dalili hizi hizi na mipira yote ikiwa mizima. Nairobi iko juu ya bahari kwa karibu mita 1,700. Hewa ya kule ni nyepesi, na fundi mzuri wa kule hupunguza petroli ili iendane nayo. Gari likifika usawa wa bahari linakutana na hewa nzito kwa mafuta yale yale machache, linatetemeka, plagi zinakuwa nyeupe, na mwenye gari anaanza kusaka mpira uliopasuka ambao haupo. Fanya kazi ya mipira kwanza kwa sababu ni rahisi na haidhuru, lakini ujue kwamba kabureta ya gari kama hilo itahitaji kuwekwa upya hata ukiikuta mipira salama.

Kabla ya kuchomoa chochote

Injini iwe baridi. Piga picha kwa simu, nyingi kuliko unavyodhani utahitaji, kutoka juu, kutoka pande zote mbili, na hasa upande wa nyuma wa kabureta unaotazama kabini, ambako jicho halifiki vizuri. Kioo kidogo cha mkononi na tochi vitakusaidia. Kisha chukua masking tepu, kata vipande, uandike namba kwa kalamu ya wino mzito: kila mpira upate namba moja kwenye ncha zake zote mbili, na namba hiyo hiyo kwenye kidomo. Wino wa kalamu ya kawaida unafutwa na oili, usiutumie.

Tazama chini ya boneti kama stika ya mchoro wa mipira ipo. Joto na kutu vya kwetu huila, na mara nyingi kilichobaki ni kipande cheupe chenye herufi chache. Hata ikisomeka, itazame kwa shaka: gari lililobadilishwa injini au kabureta lina stika inayoeleza gari jingine. Stika ikipingana na unachokiona, amini kazi ya kila mpira kama nitakavyoieleza hapa chini.

Ondoa tungi la ea klina (kichujio cha hewa), maana limefunika nusu ya kazi. Funika mdomo wa kabureta kwa kitambaa safi mara moja, kabla hujaweka nati mfukoni. Nati ikidondoka humo, habari ya mipira itakuwa imekwisha na habari ya kufungua silinda hedi imeanza.

Panga vidomo kwa kidole

Hii ndiyo hatua ambayo mafundi wenye haraka huiruka, na ndiyo inayookoa saa nzima ya kubahatisha.

Toa kitambaa, washa injini bila ea klina, iache ipate moto kidogo. Chomoa mpira mmoja mwembamba kutoka kabureta au manifoldi, weka kidole kwenye kidomo. Ama kidole kitavutwa, ama hakitavutwa. Kikivutwa kwenye slo, kidomo hicho kiko chini ya kisahani, kinapata vakyumu ya manifoldi wakati wote. Kisipovutwa, mwambie mtu akanyage mafuta taratibu: kikianza kuvuta kisahani kikifunguka, basi kidomo hicho kiko juu kidogo ya kisahani na kinafanya kazi ukiwa mwendoni tu. Kisipovuta kabisa, ama kimeziba kwa uchafu, ama ni cha kupumulia na hakikukusudiwa kuvuta.

Andika kwenye tepu: "daima" au "mwendo". Rudisha mpira, nenda unaofuata. Ukimaliza una ramani yako mwenyewe, na ramani hiyo ni ya kuaminika kuliko picha yoyote ya gari la mtu mwingine. Makosa mengi ninayoyaona ni ya kubadilishana aina hizi mbili: mpira wa kitu cha "mwendo" umechomekwa kwenye kidomo cha "daima", na gari halikupata slo nzuri tena tangu siku hiyo.

Uangalifu: nywele, ncha za kikoi, mikono ya kanzu, kamba za tochi, vyote viwe mbali na feni na mkanda. Na mlango wa gereji uwe wazi, moshi wa ekzosi unaua.

Kila mpira na kazi yake

Anza na mnene, malizia na wembamba.

Mpira wa busta ya breki ni ule mnene, wenye ukuta mgumu, unaotoka manifoldi hadi lile duara kubwa jeusi nyuma ya silinda ya breki. Juu yake, au kwenye busta, kuna valvu ya njia moja. Hewa inatoka kwenye busta kwenda injini, kamwe isirudi. Ikiwa na mshale, mshale utazame injini. Ipime hivi: injini imezimwa, pampu pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ishikilie kwa mguu, kisha washa. Pedeli ikizama kidogo chini ya mguu, busta inapata vakyumu. Zima tena, ngoja dakika chache, kanyaga: mkanyago wa kwanza ukiwa mlaini, valvu inashika. Ukiwa mgumu tangu mwanzo, valvu au mpira unavuja. Mpira huu haubadilishwi kwa mpira wa maji wala wa petroli wa kawaida. Ukuta mwepesi hujifyonza na kulala kama mrija wa dafu uliovutwa kwa nguvu, na utakosa breki siku unayozihitaji. Nunua wa busta, kwa jina hilo.

Unaofuata kwa unene ni wa PCV, ile valvu inayonyonya moshi wa oili kutoka kwenye injini na kuurudisha kwenye manifoldi uungue. Mpira wake huwa mbaya upande wa chini, kwenye kona, mahali usipopaona. Oili inaulainisha mpaka unavimba na kupasuka kimyakimya. Ubonyeze: ukihisi umekuwa kama ufizi, umekwisha hata kama hauna ufa. Valvu yenyewe ukiitikisa sikioni inapaswa kugongagonga. Isipolia, ioshe kwa kabukleena, dawa ya kusafishia kabureta. Ikiendelea kunyamaza, badilisha, haina bei kubwa.

Sasa wembamba. Wa distributa unatoka kabureta hadi kile kikopo cha dayaframu (utando unaovutwa na vakyumu) ubavuni mwa distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi. Kazi yake ni kuwahisha cheche ukiwa unaenda bila mzigo mkubwa, na hapo ndipo petroli inapookolewa. Mpira huu ukikatika gari halizimi, halitetemeki sana, linakula mafuta tu na kuwa zito, na mwenyewe anamlaumu aliyemuuzia petroli. Upime hivi: chomoa upande wa kabureta, fungua kifuniko cha distributa, vuta kwa mdomo. Utaona sahani ya ndani ikisogea. Ziba ncha kwa ulimi: sahani ikibaki pale pale, dayaframu ni nzima. Ikirudi taratibu, imetoboka. Kwa kawaida mpira huu hukaa kwenye kidomo cha "mwendo". Zipo injini ambazo mtengenezaji aliuweka kwenye "daima", kwa hiyo stika ikisema hivyo iheshimu. Lakini ukikuta uko "daima" bila maelezo yoyote, na slo iko juu kuliko inavyotakiwa, uhamishe, kisha pima taimingi kwa taa ya taimingi kabla ya kugusa kabureta.

Kwenye mdomo wa ea klina kuna kijilango kinachoendeshwa na kikopo kidogo cha vakyumu. Injini ikiwa baridi kinafungulia hewa ya moto kutoka kwenye ekzosi ili kabureta isigande barafu. Mombasa! Hata asubuhi za Julai, ndiyo baridi yetu, hewa haina kawaida ya kushuka chini ya nyuzi 20. Mfumo huu ni wa kwanza ninaouondoa bila kusita: hakikisha kijilango kimelala upande wa hewa baridi na hakitikisiki, kisha ziba vidomo vyote viwili, cha manifoldi na cha ea klina. Kama mpira wake ulikuwa umetoboka, utashangaa slo ilivyotulia kwa kazi ya dakika tano.

Valvu ya EGR, kama injini yako inayo, hurudisha moshi kidogo wa ekzosi kwenye manifoldi ukiwa mwendoni. Mpira wake lazima uwe kwenye "mwendo", na mara nyingi unapitia valvu ya joto, kile kitu cha plastiki na shaba kilichozamishwa kwenye maji ya injini. Ukiuchomeka kwenye "daima", gari linazimika kila ukitoa mguu. Vidomo vya plastiki vya valvu ya joto vinavunjika kwa kuguswa tu baada ya miaka yote hiyo, basi hapo mkono uwe wa mkunga. Mpangilio wa mipira yake nao una maana: ukibadilisha wa juu na wa chini, valvu itafanya kazi kinyume.

Kopo la mkaa ni lile tungi jeusi linalopokea mvuke wa petroli kutoka kwenye tangi. Wengi wanalitupa na kuziba mpira wa tangi, na hilo ndilo kosa. Tangi lazima lipumue. Likizibwa, pampu inavuta petroli mpaka tangi linajibana, gari linakata mafuta katikati ya safari, na ukifungua kifuniko cha tangi unasikia pumzi ndefu. Kama kopo lako limekufa, ziba kidomo cha kabureta tu, na mpira wa tangi uachwe na njia ya kupumua iliyoinuka, mbali na ekzosi na mbali na waya. Kopo zima ni bora kuliko yote haya. Jua la saa nane juani pale Makupa huchemsha petroli nyingi, na bila kopo harufu yake utaisikia kabinini.

Mwisho, kwa wenye AC. Compresa ikishika, injini ndogo kama hii inashuka slo mpaka inakaribia kuzimika, kwa hiyo kuna valvu ya umeme yenye mipira miwili: mmoja unatoka kidomo cha "daima", mwingine unakwenda kwenye kidayaframu cha kabureta kinachosukuma mafuta kidogo. AC nyingi za Sierra zilifungwa na mafundi baada ya gari kutoka kiwandani, na kipande hiki hurukwa. Badala yake slo inapandishwa moja kwa moja, AC iwe imewashwa au la. Gari linanguruma juu siku nzima kwa ajili ya AC ya saa mbili. Washa AC, tazama kidayaframu. Kisiposogea, fuata umeme wa valvu, kisha mipira yake.

Kununua mipira

Beba kipande cha mpira wa zamani, lakini usipime tundu lake kwa jicho, maana ncha zake zimetanuka. Pima kidomo chenyewe, au chomeka mkia wa keekee katikati ya kipande ambapo mpira haujatanuka. Wembamba wa magari ya Kijapani ni wa tundu la milimita 3.5 au 4 hivi, mingine 6. Mpira wa 6 uliokazwa kwa klipu kwenye kidomo cha 4 utavuja, hata ukaze vipi. Pima urefu wa kila mmoja kwa kamba, jumlisha, ongeza kidogo, na ununue kwa futi.

Ukipita maduka ya spea ya mjini utaambiwa, "Chukua hii ya silikoni, ami, hii haifi." Kwa distributa na kijilango cha hewa ni sawa, silikoni inavumilia joto vizuri sana. Lakini mvuke wa petroli na oili unaivimbisha, basi isikaribie PCV wala kopo la mkaa. Hapo tumia mpira wa petroli unaovumilia oili. Mipira ya plastiki inayoona ndani, ile ya matangi ya samaki au ya dripu za hospitali, ikatae popote. Inakuwa migumu kwa miezi michache, na karibu na ekzosi inayeyuka.

Nunua pia vifuniko vya mpira vya kuzibia vidomo. Ukivikosa, kipande kifupi cha mpira mpya kilichozibwa kwa boliti laini na klipu kinafaa. Skrubu yenye meno ndani ya mpira mkuukuu haifai, kwa sababu hewa inafuata njia ya meno.

Kutoa na kuvisha

Mmoja mmoja. Usichomoe yote halafu uanze kukumbuka.

Mpira mkavu usivutwe. Uzungushe kwanza kwa vidole. Ukigoma, upasue kwa wembe kwa urefu, polepole, wembe usifike kwenye kidomo. Mkwaruzo kwenye shaba ni mvujo mpya chini ya mpira mpya. Kisha tazama kidomo. Kwetu hewa ya chumvi inakula vibomba vya chuma kuanzia nje, na mara nyingine utakuta kitundu cha kutu mahali palipofunikwa na mpira, ambapo hakuna aliyepatazama tangu gari litoke kiwandani. Sugua kwa msasa laini, futa, pima tena kwa kidole.

Kata mpira mpya kwa wembe, ncha iwe wima, usitumie mkasi mbutu. Ukiwa mgumu kuvaa, uchovye kwenye maji ya moto. Mate pia yanatosha. Grisi na oili hapana, zitaula mpira. Usukume mpaka upite kile kivimbe cha kidomo. Usipinde kona kali, usigusane na ekzosi, na usivutwe ukawa kama uzi wa gita, kwa sababu injini inatikisika na itauchomoa. Klipu za waya wa springi zikishapata kutu hazibani tena, zitupe.

Valvu ndogo za plastiki zilizo katikati ya mipira, zenye rangi mbili, zina upande. Kabla ya kuchomoa, weka alama upande unaotazama kabureta. Panya nao wanapenda mipira. Ukikuta ncha zilizotafunwa, kusafisha kiota ni sehemu ya kazi hii.

Kupima

Geji ya vakyumu haina gharama ya kutisha, na kwa mwenye gari la kabureta ni chombo cha kwanza baada ya spana. Ichomeke kwenye kidomo cha "daima", injini iwe imepata moto. Hapa Mombasa, usawa wa bahari, injini yenye afya inaonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye slo, yaani sentimita 43 hadi 53, na mshale umetulia. Kila ukipanda mita 300 kutoka baharini unapoteza karibu inchi moja, kwa hiyo usikubali namba ya jamaa yako wa Nairobi kuwa kipimo chako. Kule 14 inaweza kuwa nzuri, hapa 14 ni tatizo.

Mshale umetulia lakini uko chini: ama bado pana mvujo, ama taimingi imechelewa. Mshale unarukaruka kwa mpigo ule ule: valvu za injini au plagi. Mshale unaelea taratibu huku na huku: mchanganyiko wa kabureta.

Kama bado kuna mvujo, chukua koleo lenye midomo iliyofungwa kitambaa, bana mpira mmoja mmoja injini ikiwa kwenye slo. Ule ambao ukiubana slo inabadilika, fuata huo hadi mwisho wake; mpira unaweza kuwa mzima na dayaframu ya kule mwisho ndiyo iliyotoboka. Kwa viungo, chupa ya kunyunyizia maji inatosha: nyunyiza kidogo kwenye gasketi ya manifoldi na chini ya kabureta, mbali na distributa, usikilize "sss" ikikatika. Wapo wanaopuliza kabukleena, na inafanya kazi haraka kwa sababu inaungua. Kwa sababu hiyo hiyo siipendi juu ya ekzosi ya moto. Na mwenye wazo la kuleta chetezo cha udi ili auone moshi unakoingia, aache kaa la moto ndani ya nyumba.

Ukinyunyiza maji kwenye ekseli ya kisahani, pale inapotokeza ubavuni mwa kabureta, na slo ikabadilika, basi mwili wa kabureta umelika na hakuna mpira utakaokusaidia. Gasketi nene ya chini ya kabureta nayo hupinda kwa kukazwa kupita kiasi na waliotangulia. Hiyo ibadilishwe, kisha nati zikazwe kwa zamu, msalaba, bila hasira.

Baada ya hapo tu ndipo unaweka slo, karibu mizunguko 800 kwa dakika kwa injini hii, kisha mchanganyiko, kisha slo tena. Jaribu breki uwanjani kabla ya barabarani. Halafu nenda upande mlima wa Kombani hadi Kwale ukiwa na AC, na ukifika juu usizime: iache kwenye slo ikiwa na moto wote huo, usikilize.

Kwa Pajero, Land Cruiser na dizeli

Pajero ya kizazi cha pili yenye Super Select, mfumo wake wa 4WD, inatumia vakyumu kuunganisha ekseli ya mbele. Taa ya 4WD ikiwaka na kuzima bila kutulia, usikimbilie kufungua gia. Fuata mipira kutoka kwenye valvu za umeme chini ya boneti hadi kwenye ekseli. Ile ya chini hupigwa matope na mawe, na ncha zake ndizo hupasuka. Pima kikopo cha ekseli kwa kuvuta na kuziba kwa ulimi kama ulivyofanya kwa distributa. Land Cruiser FJ60 nayo ina mipira ya namna hiyo kwenye gia ya 4WD, juu ya ile mingi ya kabureta, basi kwake tepu na namba si hiari.

Injini ya dizeli kwa kawaida haina kisahani cha kuibana hewa, hivyo haina vakyumu ya manifoldi ya kutegemea. Kwenye 4D56 ya Mitsubishi na nyingine nyingi, pampu ya vakyumu imefungwa nyuma ya alteneta na inalainishwa kwa oili ya injini. Pedeli ikiwa ngumu, chomoa mpira kwenye pampu, weka kidole huku injini ikinguruma. Ikivuta vizuri, tatizo liko mbele, kwenye mpira, valvu au busta. Isipovuta, angalia kwanza kale kampira kadogo ka oili kanakoingia kwenye pampu kabla hujamwambia fundi alete alteneta nyingine.